Maji moto ya Bonde la Ufa: nenda ukapumzike, hospitali usiiache

Bwawa linalowatoa wakazi wa Nairobi mjini kila Jumamosi na kuwapeleka Naivasha halikuanza kama wazo la mwenye hoteli. Lilianza kama maji yasiyo na kazi. Huko Olkaria, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kampuni ya umeme ya KenGen huchimba visima vinavyoshuka kilomita mbili hadi tatu kutafuta mvuke wa kuzungushia mitambo yake. Kinachopanda si mvuke mtupu. Hupanda pamoja na maji ya moto kupindukia, yenye chumvi, silika na salfa. Mvuke hutenganishwa ukaenda kuzalisha umeme. Maji hubaki, na hayo hayafai kunyweshea ng'ombe wala kumwagilia maua. Mengi hurudishwa chini ya ardhi. Mengine hupitishwa katika mabwawa yaliyopangwa kwa kushuka, yakipoa hatua kwa hatua, hadi yanapoingia kwenye bwawa pana la rangi ya samawati iliyofifia, joto likiwa kati ya nyuzi 30 na 40 hivi. Humo ndimo watu wanamooga tangu 2013.

Wazo lenyewe lina asili ya mbali. Nchini Iceland, mtambo wa Svartsengi ulipoanza kazi mwaka 1976, maji yake ya ziada yalituama juu ya mawe ya volkano, na miaka michache baadaye watu wenye maradhi ya ngozi wakaanza kujitosa humo. Likazaliwa bwawa la Blue Lagoon, ambalo leo linajulikana na watalii wengi kuliko mtambo uliolizaa. Kenya ilikuwa na viungo vyote vya pishi hilo hilo: mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15, na sasa jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Na kabla jirani yetu Mkenya hajajisifu kupita kiasi, akumbuke kwamba Kongo ilimtangulia. Kule Kiabukwa, Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulijengwa mtambo mdogo uliotoa umeme kwa maji moto ya chemchemi, na umeme huo ulitumika migodini.

Ukishuka garini Olkaria, pua hutangulia kufika. Harufu ya yai viza imetanda, na mgeni asiyeijua huanza kumtazama jirani yake kwa mashaka. Hiyo ni gesi ya salfa inayotoka majini, na baada ya dakika chache pua huizoea. Ukiingia majini unakuta utelezi chini ya nyayo, kwa sababu silika hujenga utando laini sakafuni. Joto halikupokei kwa ukali. Linakuzunguka polepole kiunoni, kifuani, mabegani, na kufikia hapo hata mtu aliyekuja na simu yake majini anaanza kutafuta mahali pa kuiweka. Mandhari nayo ni ya aina yake: huku miamba na nyasi za hifadhi, kule mabomba ya mvuke yanayopinda kama nyoka wa chuma kuvuka vilima, na nguzo nyeupe za mvuke zikipanda angani. Wapo wanaosema mabomba yanaharibu picha. Mimi naona yanaipa maana. Unaoga katika mabaki ya umeme unaowasha taa ya jikoni kwako.

Jambo moja wageni hugundua wakiwa wameshachelewa: Olkaria iko ndani ya hifadhi. Utalipa kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya langoni, kisha utalipa tena bwawani. Kwa familia ya watu watano au sita, hesabu hiyo ifanyike nyumbani. Faida yake ni kwamba Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache ambazo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, hivyo siku moja inaweza kubeba jasho la asubuhi na maji moto ya alasiri. Lakini mwambie dereva wako ukweli kuhusu korongo la hifadhi hiyo. Mvua ikinyesha mbali, juu vilimani, maji hushuka korongoni kwa ghafla hata kama ulipo wewe kuna jua. Watu wamekufa humo mwaka 2012 na tena 2019. Wingu likitanda, elekea bwawani moja kwa moja.

Kwa nini maji haya yako hapa, na si Dodoma mjini au Garissa? Bonde la Ufa ni ufa kweli. Gamba la dunia linavutwa pande mbili, linakonda, na miamba ya moto iliyo chini husogea karibu na uso wa nchi. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, hushuka, hupata joto, kisha hutafuta njia ya kurudi juu. Safari hiyo huweza kuchukua miaka mingi, na njiani maji hunyonya kila kinachoyeyuka kwenye miamba: sodiamu, silika, salfa, floridi. Ndiyo maana chemchemi mbili zilizo umbali wa mwendo wa siku moja hazifanani, hii inanuka, hiyo haina harufu, ile inaacha magadi ukingoni. Wakazi wa Eburru, juu ya Naivasha, walitumia jambo hilo kwa akili ya peke yake. Katika vilima visivyo na mito, hutega mvuke unaotoka ardhini, wakaupoza kwenye mabomba, wakapata maji ya matumizi ya nyumbani.

Olkaria ni maji ya kufugwa. Anayetaka kuyaona yakiwa bado porini na apande kaskazini hadi Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo, karibu na mji wa Marigat. Ukingoni mwa ziwa, sehemu iitwayo Loburu, maji huruka kutoka ardhini kwa kishindo, yakitema mvuke na matone. Ziwa liko takriban mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 97 hivi, na yanayotoka Loburu yanakaribia kiwango hicho. Wageni huja na mayai mabichi kwenye vikapu, huyatumbukiza, wakayala yameiva pale pale. Ni mchezo mzuri wa kuwafurahisha watoto, na pia ni somo kwa mzazi: kinachoivisha yai huivisha mguu. Ukingo wa chemchemi ni gamba jembamba la madini, na chini yake mara nyingi ni maji yanayochemka. Usikanyage mahali ambapo mwongozaji wako hajakanyaga.

Kuoga basi ni wapi? Nje ya hifadhi, karibu na lango la Loboi, ipo hoteli ya Lake Bogoria Spa Resort, ambayo bwawa lake hujazwa maji ya chemchemi yanayokuja na uvuguvugu wake kutoka ardhini. Hapa hapana harufu kali kama Olkaria wala kelele za umati wa wikendi. Baringo ni nchi ya jua kali, na mtu mwenye akili huoga alfajiri au baada ya magharibi, wakati hewa imepoa na uvuguvugu wa maji unaonekana kama neema. Ukijitosa mchana, utatoka umechoka kuliko ulivyoingia.

Ziwa lenyewe halitulii. Katika mwongo uliopita maji ya Bogoria, kama yale ya Baringo na Naivasha, yalipanda na kumeza barabara, majengo na baadhi ya chemchemi zilizokuwa zikipigwa picha na kila mtalii. Anayeshika kitabu cha zamani cha wasafiri atatafuta chemchemi ambazo sasa ziko chini ya maji. Flamingo nao huja na kuondoka kadiri chakula chao kinavyopatikana. Mwaka huu utawakuta wamelipaka ziwa rangi ya waridi. Mwaka ujao wako Natron au Nakuru.

Kuna habari ya Bogoria ambayo vipeperushi vya utalii huipita kimya, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Kando ya maji hayo waliishi Waendorois, wafugaji ambao kwao ziwa ni mahali pa ibada na matambiko, na maeneo ya chumvi yanayolizunguka ni dawa ya mifugo. Kuanzia mwaka 1973 serikali ya Kenya iliwaondoa ili kuanzisha hifadhi ya wanyamapori. Walihangaika mahakamani nyumbani, hawakufika mbali, wakaenda Banjul. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikawapa ushindi, na uamuzi huo ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika mapema mwaka 2010: warudishiwe ardhi yao ya asili, walipwe fidia, na wapate mgawo wa mapato yanayotokana na hifadhi. Wanasheria wa haki za ardhi barani Afrika huutaja uamuzi huo hadi leo. Utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Olkaria nako kuna hadithi inayofanana. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kisha yakaingia kwenye usuluhishi. Simwambii mtu asiende kuoga. Ila anayelipa kiingilio ana haki ya kuuliza langoni pesa hiyo inamfikia nani, na swali hilo likiulizwa na wengi, majibu huanza kutafutwa.

Tuvuke mpaka. Kusini magharibi mwa Uganda, wilayani Sheema, kuna Kitagata, mahali ambapo hakuna taulo jeupe wala kinywaji chenye mwavuli. Kuna chemchemi mbili. Moja huitwa Ekyomugabe, kwa kuwa inasemekana Mugabe, mfalme wa Ankole, alikuwa akioga hapo. Ya pili watu waliipa jina Mulago, jina la hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, na jina hilo linaeleza lote wanalolitarajia. Wagonjwa wa viungo, mgongo na ngozi huja na kulala vijijini jirani, wakaingia majini asubuhi na jioni. Wengine huyanywa. Maji yanapotoka ardhini hufikia nyuzi 80, kwa hiyo watu huoga kandokando, yanakochanganyika na ya baridi. Hapa ndipo utakapoona kwamba kuoga maji ya madini hakukuletwa na mahoteli. Wazee walikuwa wakizamisha magoti yao mle ndani muda mrefu kabla ya mtu kuweka bango la bei.

Na hapa ndipo pia inapobidi kusema ukweli bila kuumauma maneno. Maji moto yanasaidia nini hasa? Ukizama hadi shingoni, maji hubeba uzito wako, na miguu inabaki na takriban asilimia kumi tu ya mzigo wake wa kawaida. Goti lililochakaa linapata likizo. Joto hutanua mishipa ya damu, misuli hulegea, maumivu hupungua kwa saa kadhaa, na usingizi wa usiku huo huwa mzito. Hayo hayana ubishi, na bomba la nyumbani likijaza beseni kubwa la maji ya uvuguvugu litakupa sehemu nzuri ya faida hiyo. Kwa baadhi ya maradhi ya ngozi, hasa ule ugonjwa wa magamba uitwao soriasisi, madaktari wamekuwa wakiwapeleka wagonjwa Bahari ya Chumvi kwa miaka mingi, na wengi hupata nafuu ya muda, ingawa jua la huko lina mchango mkubwa sawa na chumvi yenyewe. Zaidi ya hapo ushahidi unakonda. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2015 yaliyochunguza tiba ya maji ya madini kwa wagonjwa wa baridi yabisi yalikuta tafiti chache, ndogo, zisizotosha kuthibitisha kwamba maji hayo yana nguvu kuliko tiba nyingine.

Kisukari hakiponi kwa salfa. Shinikizo la damu haliponi kwa salfa. Virusi vya Ukimwi havijui kama umeoga Kitagata au mtoni. Watanzania wa rika langu hatuhitaji kufundishwa hili na mgeni. Mwaka 2011 tuliona foleni za magari zikielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na tuliwaona waliorudi nyumbani wakaacha vidonge vyao. Tatizo la maji ya miujiza haliko kwenye maji. Liko kwenye dawa iliyosahauliwa kabatini.

Kunywa ndiko ninakokuogopa zaidi. Maji ya Bonde la Ufa yana sifa ya kubeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na chemchemi nyingi za moto za ukanda huu huzidi kiwango hicho kwa mbali. Mtu wa Arusha au wa vijiji vya chini ya Mlima Meru hahitaji maabara kuelewa. Meno ya kahawia ya watoto wa maeneo hayo yanasimulia. Kinachoanza kwenye meno, kikiendelea kwa miaka, hufika kwenye mifupa ikapinda. Mgeni anayekunywa glasi moja kwa udadisi hatapinda mifupa, lakini mkazi anayechota kila siku kwa imani ya tiba anajiumiza.

Wenzetu wa nchi nyingine walishalimaliza jambo hili kwa karatasi na kalamu. Japani ina sheria ya chemchemi za moto tangu mwaka 1948. Inaeleza maji gani yanastahili kuitwa hivyo: yawe na nyuzi 25 au zaidi yanapotoka ardhini, au yawe na kiwango fulani cha madini yaliyotajwa. Mwenye bafu hulazimika kubandika ukutani kipimo cha maji yake, pamoja na orodha ya watu wasiopaswa kuingia. Huko Karlovy Vary, Jamhuri ya Cheki, chemchemi kubwa ya mji hutoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 70, nayo hunywewa kwa vikombe vyenye mdomo mrefu, lakini mgonjwa anayekuja kwa matibabu huandikiwa na daktari chemchemi ipi, kiasi gani, na kwa siku ngapi. Mji huo ni mmoja wa miji 11 ya maji ya madini ya Ulaya, ukiwemo Bath wa Uingereza na Spa wa Ubelgiji, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Sitaki tuige ngazi zao za marumaru. Nataka tuige lile karatasi la ukutani.

Tanzania hatuna sababu ya kulalamika kwamba tulinyimwa. Mbeya na Songwe kuna maji moto yaliyojenga miamba myeupe kwa maelfu ya miaka. Rungwe, Manyara, Rufiji, kote yanatoka, na vijiji vinavyoitwa Majimoto viko mikoa kadhaa. Tanga kuna chemchemi za salfa za Amboni, ambazo hujulikana pia kwa jina la Galanos, Mgiriki wa mashamba ya mkonge aliyeziendeleza enzi za ukoloni na ambaye jina lake liko pia kwenye shule ya sekondari jijini humo. Mtu anayekwenda kuona mapango ya Amboni anaweza kuziunganisha katika siku moja. Kwa urembo wa kiasili ni mahali pazuri, na kwa huduma ni mahali panaposubiri mtu wa kupajali. Kuhusu Chemka, yaani Kikuletwa, wilayani Hai, karibu na Boma Ng'ombe, niseme wazi maana vipeperushi havisemi: maji yake si ya moto. Ni ya samawati safi yasiyo na mfano, yamefunikwa na mizizi ya mikuyu, yana samaki wadogo wanaodonoa nyayo, na kamba ya kurukia majini. Nenda kwa hayo. Ukienda na goti lako ukitarajia joto, utarudi nalo kama lilivyo.

Kinachotuangusha ni mahali pa kubadilishia nguo. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linaloamua nani anaoga na nani anashika mikoba. Kwenye chemchemi nyingi za umma mwanamke hubadilisha nguo nyuma ya kanga iliyoshikwa na dada yake, au haogi kabisa. Bibi mwenye baridi yabisi, ambaye maji haya yangemfaa kuliko kijana anayeruka na kamba, hukaa kwenye jiwe akiwatazama wajukuu. Waogaji wa Rustaq, nchini Oman, wametatua hili kwa gharama ndogo. Chemchemi yao ya Ain Al Kasfah hutoka ikiwa na nyuzi karibu 45, hupitia kwenye vyumba vya kuogea vya wanaume na vya wanawake kila upande peke yake, kisha huendelea mashambani kumwagilia mitende. Hapana hoteli ya fahari wala muziki. Wazanzibari wenye ndugu huko wanapajua na husimuliana. Na Zanzibar yenyewe haikuwa geni katika mambo haya: Seyyid Said alijenga mabafu ya Kidichi mwaka 1850, na Sultani Barghash akajengea watu wa mjini hamamu ya Hamamni, iliyofanya kazi hadi 1920. Maji ya huko yalipashwa kwa kuni, hayakuwa na madini yoyote ya kutangaza, na watu waliyalipia wakafurahi. Pwani ilijua kuwa raha ya kuoga iko kwenye faragha, mvuke, singo na liwa, na mtu wa kukusugua mgongo bila haraka.

Kwa anayefunga begi wiki hii, machache kutoka kwa mtu aliyewahi kutazama wengine wakiyasahau. Vua pete na mikufu ya fedha kabla ya kuingia kwenye maji yenye salfa, maana hugeuka nyeusi. Nywele zifungwe juu zisilowe, kwa kuwa silika huzifanya ngumu kama katani; kutokuzamisha kichwa kuna sababu nyingine ya maana zaidi, kwamba maji ya uvuguvugu ya chemchemi huweza, kwa nadra sana, kuwa na vijidudu hatari vinavyopita puani. Kaa majini dakika 15 au 20, toka, kunywa maji safi, pumzika kivulini, kisha rudi ukitaka. Inuka polepole, kwani joto hushusha shinikizo la damu na kizunguzungu humwangusha mtu mzima ukingoni. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kidonda kibichi na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni wazungumze na daktari kwanza, hasa huyu wa mwisho, maana anaweza kuungua asijue. Bia zisubiri jioni. Na ukikuta kibanda kilichofungwa kila upande, kinachonuka salfa kali, usiingie kujifukiza. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuisikia kabla haijamdhuru mtu.

Waulizaji wengi hutaka kujua wapi pa kuanzia. Kwa familia yenye watoto na gari la kukodi kutoka Nairobi, Olkaria: ina vyumba vya kubadilishia nguo, maji yamepozwa, hatari zimepunguzwa. Kwa watu wawili wanaotaka ukimya, Bogoria, na walale huko angalau usiku mmoja. Kitagata ni kwa anayetaka kuona watu kuliko kuoga. Tanga ni kwa mwenye subira.

Halmashauri zenye chemchemi ndani ya mipaka yake zina kazi mbili ambazo hazihitaji mwekezaji wala mfadhili. Pelekeni chupa ya maji kwenye maabara ya serikali, mbandike majibu getini kwa Kiswahili: joto, floridi, salfa, vijidudu, na nani asiingie. Kisha jengeni vyumba viwili vya matofali vyenye milango inayofungwa, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Kiingilio cha msimu mmoja wa sikukuu kinatosha kuanza.